Usingizi Niliopewa Kuulinda

Baba,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya mtu wa nyumbani huanza kwa kumjulia hali, kisha mwandishi aeleze hali yake, ndipo ataje jambo lililomfanya aandike. Nimekaa na kalamu tangu mchana na sijui nitakujulia hali vipi. Kwa hiyo naanza na sisi. Mama ni mzima. Ouma ameingia darasa la tatu, na meno yake mawili ya mbele yameota makubwa mpaka anafunga mdomo kwa shida. Mihogo ya shamba la chini tumeing'oa yote. Ng'ombe amezaa ndume. Mimi silali.

Sisemi juu ya usiku mmoja au miwili. Ni miezi saba sasa. Nikilala saa tatu, saa tano niko macho, na kutoka hapo nasikiliza malori yakipanda kutoka Busia, yakibadilisha gia pale kwenye mlima mdogo wa Mundika, hadi jogoo awike. Shuleni wasichana wamegundua. Wananiambia, "Wewe si ni Nabwire? Uliyezaliwa usiku utalala usiku kweli?" Nacheka pamoja nao. Wewe ndiye uliyenipa jina hilo, na najua hukunipa kwa ajili hiyo.

Nataka kukueleza kwa nini silali, na sijui kama nitaweza. Nitaanza na yale ambayo wewe unayajua, halafu pengine mengine yatafuata.

Unakumbuka jinsi tulivyokulinda. Watoto wenzangu baba zao walilala usiku kama watu, nasi baba yetu alikuja asubuhi na vumbi la Kampala kwenye nyusi. Mama anatundika lile blanketi jeusi dirishani. Kinu kinahamishwa nyuma ya jiko. Jogoo anafungwa mguu kule kwenye mhogo. Ouma anapelekwa na mbuzi mbali, na akiwa na kikohozi anapelekwa mbali zaidi. Mimi nakaa mlangoni kwenye kigoda na kitabu. Kazi yangu ilikuwa maneno mawili tu: Baba amelala. Nayasema kwa sauti ya chini, na mtu anaondoka.

Ulisema, "Nabwire, wewe ni askari wangu. Hata chifu akija, mwambie dereva amelala, arudi jioni." Nilijivuna kuitwa askari. Sikukwambia kwamba katika miaka ile yote wale niliowafukuza walikuwa watoto, kuku, na yule mwanamke wa Uganda aliyepita akiuza masufuria, naye aliondoka kabla sijafungua mdomo. Chifu hakuja. Hakuja mtu mzima yeyote wa kunijaribu.

Sasa siku ile. Ulikuwa umekaa Malaba siku mbili kwenye foleni ya forodha, na ulipofika nyumbani asubuhi macho yako yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto mbichi. Ulikunywa uji umesimama. Ulimwambia Mama kwamba lori liko Busia pale penye kituo cha mafuta, na saa kumi na mbili jioni lazima uondoke na ile pamba, maana wanaingojea Nairobi. Ulilala saa tano. Mama alienda kupalilia. Nilikuwa nasoma kitabu kile chenye jalada lililochanika ulichoniletea kutoka Nairobi, cha mtu aliyeachwa peke yake kisiwani, na nilikuwa nimefika mahali pazuri.

Saa nane akaja Mzee Barasa kutoka ng'ambo ya kijito.

Baba, mimi nilimwona tangu alipokuwa kwenye migomba. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kuyapanga maneno mawili. Alikuwa na bahasha mkononi, barua ya kwenda kwa mwanawe wa Nairobi, alitaka umpelekee. Alikuja akipiga kikohozi chake cha kujitangaza. Nikasimama, kwa sababu mtu hawezi kubaki ameketi mbele ya mzee. Nikafunga kitabu. Nikafungua mdomo kusema Baba amelala, na nikasema, "Karibu, Mzee."

Halafu nikampa kigoda.

Akaketi pale pangu mlangoni na kunyoosha miguu. Akauliza, "Dereva yuko wapi?" Nikaonyesha ndani kwa kidole. Nikasema, "Amepumzika kidogo." Kidogo. Akacheka ile sauti yake inayofika barabarani. "Wanaume wa siku hizi wanalala mchana kama popo. Mimi nikilala mchana mke wangu ataita mganga." Nikacheka pia, kwa heshima. Akaanza kunisimulia habari za mwanawe, na mimi nikasimama mbele yake nimekumbatia kitabu, nasema ndiyo Mzee, kweli Mzee, mpaka tukasikia kitanda kikilia na sauti yako ikiuliza, "Ni Barasa huyo?"

Mliongea mpaka saa kumi na moja. Niliwaletea chai. Ulipiga miayo umeficha mdomo kwa mkono ili asione. Alipoondoka ulinawa uso kwa maji baridi mara tatu, nilihesabu, na ukanywa chai ya rangi kwenye kile kikombe kikubwa. Ukapanda baiskeli ya jirani kwenda Busia. Uliweka mkono kichwani pangu. Kila mara ulikuwa unasema, "Asante, askari." Siku hiyo hukusema.

Asubuhi yake wakaja wanaume wawili wa kampuni ya lori lako. Mama alikuwa anafagia. Hayo sitaki kuyaandika.

Kwenye mazishi wazee walizungumza mmoja mmoja. Mzee Barasa aliposimama alilia kwanza, halafu akasema, "Mimi ndiye mtu wa mwisho kukaa naye katika boma hili. Tuliongea tangu saa nane mpaka jua lilipolegea. Hakunikataa." Alisema kama mtu anayeonyesha zawadi. Watu wakatikisa vichwa, hakuna aliyefikiri lolote. Ila madereva wenzako, wale waliokuja na turubai na kusimama pamoja kando ya mhogo, walitazamana. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe nyuma yao. Mmoja akasema polepole, "Sasa dereva wetu alilala saa ngapi?"

Mimi nilikuwa na jibu, nikapita katikati yao na sinia langu, wakageuka, wakanipisha.

Silali tangu siku ile.

Nimejaribu mambo mengi, Baba. Usidhani nilikaa tu. Nilianza kwa kuacha chai jioni. Halafu nikasoma mahali kwamba miguu ikipata joto kichwa hupoa, basi kila usiku nikawa naiweka miguu kwenye karai la maji moto, na Ouma akaniuliza kama nataka kujipika. Nilienda na Mama dispensari, na yule daktari alinipa vidonge vyeupe kwenye karatasi. Hivyo vilifanya kazi, ila vilifanya kazi mchana. Nililala katika somo la jiografia hadi mate yakalowesha ramani, na mwalimu alipoita jina langu nilisimama nikajibu, "Baba amelala." Vidonge vilivyobaki nilivitupa chooni.

Bi Zuhura wa lile duka la Busia lenye mlango wa kijani, ambaye ulikuwa ukimnunulia Mama khanga, aliniona nimesimama mbele ya mizani nikisinzia. Akaniuliza taratibu mpaka nikasema. Alinipa kungumanga moja, akakataa malipo. "Mwanangu, ikwangue kidogo tu, tia kwenye maziwa ya moto, unywe ukishavaa nguo za kulalia. Na usiushindanie usingizi. Ukiufuata utakukimbia kama paka." Nilifanya hivyo wiki mbili. Maziwa yalikuwa matamu, na ninamshukuru sana. Nikilala nilikuwa naota kikohozi cha mtu kwenye migomba.

Mwalimu wa Kiingereza alinishauri nisome kitabu cha kuchosha. Nikachagua kile cha aina za udongo. Sikulala, lakini mtihani wa udongo nimepata alama za juu kuliko wote, na huo ndio ushindi pekee wa mwaka huu. Mengine nimeshuka. Nilikuwa wa pili, nimekuwa wa kumi na tisa. Mwalimu mkuu amemwita Mama. Mwaka ujao ni kidato cha nne, na amesema nikiendelea hivi afadhali nipumzike nyumbani mwaka mzima. Mama alisikiliza, akamshukuru, tukarudi nyumbani.

Kwa kuogopa kuondolewa shuleni, Jumamosi moja nilijaribu jambo la mwisho. Mama alikuwa sokoni Nambale. Nilitundika blanketi jeusi dirishani, nikafunga jogoo, nikalala kitandani kwako, upande wako. Nikamweka Ouma mlangoni kwenye kigoda. Nilifikiri pengine usingizi wa nyumba hii umebaki pale.

Ouma alikuwa askari mkali. Kuku akipita alimfukuza kwa kelele kubwa kuliko za kuku. Akaja mtoto wa jirani kuomba moto, na nikamsikia Ouma akimwambia, "Toka, dada amelala, nitakupiga." Nikamsikia mtoto akivuta kamasi. Nikasikia kigoda kikisogea kwenye udongo. Nikasikia hata Ouma akijikuna.

Ndipo nikakaa kitako gizani, Baba. Kwa sababu nilielewa kwamba aliyelala pale husikia kila kitu cha mlangoni. Wewe ulisikia. Ulisikia kikohozi, ukangoja niseme maneno yangu mawili. Ukasikia nikisema karibu. Ukasikia kigoda.

Miezi yote nilikuwa najifariji kwamba hukujua ni mimi. Baada ya siku hiyo hata zile saa mbili za kwanza za usiku nilizokuwa nikilala zikaanza kukosekana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jumapili iliyopita alikuja Etyang, tanboi wako, msaidizi aliyekuwa nawe kwenye lori usiku ule. Hatukuwa tumemwona tangu ajali, maana alilazwa miezi mingi, kwanza huko juu Kericho, kisha karibu na kwao Amagoro. Mguu wa kulia umekuwa mfupi. Alisimama nje ya ua na fimbo na kuku mmoja kwapani, hakuingia mpaka Mama alipotoka. Mama alimshika mikono yote miwili na wakalia hivyo hivyo wamesimama, kuku naye akilia katikati. Halafu Mama akamkalisha, akaenda kusonga ugali, nami nikabaki naye.

Unajua jinsi nilivyo. Ningeweza kukaa saa nzima nikitazama fimbo yake. Lakini nilikuwa na swali moja miezi saba, na huyu ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa na jibu. Nikamuuliza, "Baba alisinzia?"

Etyang akanitazama. "Nani alikwambia?"

"Hakulala vya kutosha mchana ule. Ni mimi niliyemwacha mgeni aingie."

Hapo, Baba, akatabasamu. Akasema, "Kumbe ni wewe askari." Akasema ulianza kupigana na usingizi mkipita Maseno. Ulifungua dirisha, ukajipiga kofi shavuni, halafu ukacheka peke yako. Ukamwambia, "Etyang, leo sikumaliza usingizi. Kuna mzee amekuja kunipigia domo mchana kutwa, na askari wangu amempa kiti. Yule msichana hata mwizi akibisha atamwambia karibu. Sijui tutamfanya nini, ana adabu kuliko sisi wote." Etyang anasema ulisema hivyo ukicheka. Nilimfanya arudie mara mbili.

Akasema mlipofika Ahero, saa nne usiku, ulisimamisha lori penye taa. Ulimwambia pamba haina haraka kuliko watu. Ukalala kwenye kiti umefunika uso kwa kofia hadi saa saba usiku. "Alikoroma mpaka mimi ndiye nikakosa usingizi," Etyang alisema. "Nilitoka nje nikakaa juu ya tairi." Ulipoamka ulinunua chai kwa mama mmoja wa pale, ukasema sasa uko sawa, na mkapanda milima ya Kericho ukiimba zile nyimbo zako za kanisani ambazo huzijui maneno.

Juu kulikuwa na ukungu. Kwenye kona kulikuwa na lori limeharibika, halina taa. Kila dereva anajua kwamba lori likikufia barabarani unakata matawi, unayapanga nyuma mbali, ili anayekuja aone majani kwanza. Etyang alisema hapakuwa na tawi hata moja. "Hata mtu aliyelala wiki nzima angeligonga, dada. Baba yako alikuwa macho kabisa. Alivuta usukani ili upande wake ndio ugonge. Ndiyo maana mimi niko hapa."

Halafu Mama akaleta chakula, na Etyang akala.

Nilitaka hilo linitoshe. Lakini kichwa changu unakijua. Jioni nikafikiri: kama ungemaliza usingizi wako nyumbani, msingesimama Ahero. Mngepita kona ile mapema kwa saa tatu. Pengine lile lori lilikuwa bado zima. Nilimkimbilia Etyang barabarani kabla hajapata gari, nikamuuliza lile lori liliharibika saa ngapi. Akasema, "Hakuna aliyeuliza. Na wewe usiulize." Nikarudi nyumbani.

Usiku huo niligeuka kama kawaida. Saa nane hivi Mama akaniita kutoka chumba chake, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala kabisa. "Nabwire, njoo." Nilishtuka. Miezi yote nilijua Mama analala, kwa sababu chumba chake kilikuwa kimya mno. Nikaenda nikaketi ukingoni mwa kitanda. Akasema, "Kitanda chako kinalia usiku kucha. Mimi nalala kimya kama gogo ili wewe udhani nimelala, labda utanifuata."

Basi nikamwambia. Nilimwambia kuhusu karibu, kuhusu kigoda, kuhusu lile neno kidogo. Nilimwambia ulisikia yote. Nililia hadi nikapata kwikwi.

Mama hakusema nyamaza. Alingoja. Halafu akasema, "Siku ile Barasa alinikuta kwenye njia ya shamba. Akaniuliza, dereva yuko? Nikamwambia yuko, ameingia asubuhi. Ningeweza kumwambia amelala. Nilikuwa na jembe begani, jua liko kichwani, nikaona aibu kumwambia mzee kwamba mume wangu yuko kitandani mchana. Nikasema yuko, pitia tu. Mimi ndiye niliyemtuma kwako, mama. Wewe ulikuwa mtoto mlangoni."

Tulikaa gizani. Lori likapanda mlima, likabadilisha gia, likaenda zake. Sikumwambia kwamba si kosa lake, naye hakuniambia hivyo. Alisogea upande wa ukuta, nikalala pale alipokuwa, pakiwa bado na joto. Sijui nililala saa ngapi. Nilipofungua macho jua lilikuwa limefika kwenye kabati, Ouma amekaa sakafuni anakula kiporo, na Mama alikuwa bado amelala, mdomo wazi. Nilichelewa shule kwa mara ya kwanza maishani. Niliadhibiwa kufyeka nyasi na nilifyeka nikiwa na furaha na huzuni pamoja.

Sitaki kukudanganya. Usiku uliofuata nililala kwa muda wa saa tatu tu. Jana sikulala kabisa. Lakini sasa Mama akiwa macho anasema, "Uko?" nami nasema, "Niko," na usiku hauwi mrefu vile. Mwalimu mkuu amenipa hadi mwisho wa muhula.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ndilo ninalokuahidi. Tangu matanga Mzee Barasa hajakanyaga kwetu. Nilidhani ni mimi tu niliyesikia neno la yule dereva, kumbe maneno yametembea. Mama ameambiwa na wanawake wa kisimani kwamba siku hizi mzee anakaa nyumbani kwake tu, na mke wake anasema huzunguka boma usiku na tochi, akisingizia fisi. Mimi nilimchukia, Baba. Nilifurahi hakuja.

Jumamosi nitavuka kijito niende kwake. Mama ametaka kunisindikiza nikakataa. Nimekwisha kuyafanyia mazoezi maneno yangu mbele ya ndama, kwa sauti ya kutosha. Nitasimama mlangoni pake, na hata akinipa kigoda sitakaa mpaka nimalize. Nitamwambia kwamba ulisimamisha lori Ahero penye taa, ukafunika uso kwa kofia, na ukalala saa tatu nzima ukikoroma.

Nakuaga hapa, Baba. Karatasi imejaa.

Mimi mwanao,
Nabwire